Mnyauko bakteria wa maharage: tuanze na mbegu kabla hatujaanza na dawa

MbeguKwanza

Wakuu, salaam. Kila joto likipanda humu ndani swali ni lile lile: maharage yananyauka saa sita mchana, jioni yanasimama, kesho yananyauka tena, baada ya siku chache majani yamekauka na kudondoka. Mwenye shamba ameshamwagilia, ameshapiga dawa ya ukungu, ameshapiga na ya wadudu. Hakuna kilichobadilika zaidi ya pesa kutoka mfukoni. Majibu anayopewa ni majina ya dawa, na ni nadra mtu kumuuliza mbegu yake imetoka wapi.

Si kila maharage yanayonyauka yana ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia. Ila upo, unaharibu, na watu wengi hawaujui: mnyauko bakteria. Kisababishi chake ni bakteria aitwaye Curtobacterium flaccumfaciens pv. flaccumfaciens. Aliyemweleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Florence Hedges, mtafiti wa magonjwa ya mimea wa Marekani, mwaka 1922, baada ya maharage kunyauka huko South Dakota. Maana yake ugonjwa huu umejulikana kwa zaidi ya miaka 100, na bado unaingia mashambani kwa njia ile ile: ndani ya mbegu.

Namna anavyofanya kazi ni hivi. Bakteria huyu makazi yake ni mirija inayopandisha maji kutoka mizizini kwenda majanini. Humo anazaliana hadi njia ya maji inaziba. Usiku na asubuhi mmea unahitaji maji kidogo, kwa hiyo hata mirija iliyoziba nusu inatosha, na ndiyo maana ukipita alfajiri unaona shamba halina shida yoyote. Jua likiwaka jani linapoteza maji kuliko yanayopanda, linalegea. Mche mdogo wa sentimita 5 hadi 8 ukishikwa kwa kawaida unakufa. Mmea mkubwa unaweza kudumaa, ukapoteza tawi moja au mawili, ukafika hadi kuzaa.

Huo unaofika kuzaa ndio unaonitia hofu kuliko ule uliokufa. Mirija ile ile inaendelea hadi kwenye ganda, na kutoka kwenye ganda inaingia kwenye punje kupitia kitovu chake. Bakteria anakaa chini ya gome la mbegu, mahali pakavu na salama, akisubiri. Kuna mbegu zilizohifadhiwa ambazo alikutwa bado hai baada ya miaka 24. Kwa hiyo ile imani kwamba mbegu ikilala ghalani msimu mmoja au miwili "inajisafisha" haina nafasi kwa ugonjwa huu.

Nakaribisha maswali, na mwenye uzoefu tofauti aseme.

---

JembeNaDaftari

Asante kwa darasa, mkuu. Swali langu ni kutambua. Mnyauko fusari nao unanyausha, funza wa maharage naye ananyausha, kuoza mizizi vilevile, na ukame usiseme. Nikiwa nimesimama shambani bila maabara, nashika wapi?

---

MbeguKwanza

JembeNaDaftari, swali zuri mno, na jibu linaanza kwa kung'oa mche. Usihukumu kwa kuangalia majani peke yake.

Ng'oa mche unaonyauka leo, sio uliokauka wiki iliyopita. Chana shina pale linapogusana na udongo. Ukikuta shina limevimba, limepasuka, na ndani kuna funza au vibuu vya kahawia, huyo ni inzi wa maharage. Ukikuta mizizi imeoza, imekuwa myekundu au ya kahawia na gome lake linavuka kirahisi, hiyo ni kuoza mizizi. Mnyauko fusari mara nyingi huanza na majani ya chini kuwa njano, unapanda taratibu, na ukichana shina unaona mirija imebadilika kuwa ya kahawia nyekundu.

Kwa mnyauko bakteria utashangaa jinsi mizizi ilivyo mizima. Shina gumu, hakuna funza, hakuna uozo. Dalili ziko juu: jani linalegea kwenye joto na kurudi jua likishuka, au linapata baka lililokauka katikati ya mishipa, lenye kingo zisizonyooka na ukanda wa njano kali kuzunguka. Wakati mwingine mmea haunyauki kabisa, unaona mabaka hayo tu. Hapo ndipo wengi wanauchanganya na ugonjwa wa kuungua majani unaoletwa na bakteria wa Xanthomonas. Huo wa Xanthomonas kwa kawaida huanza na vidoa vyenye umajimaji chini ya jani, kana kwamba jani limelowa hapo. Kwenye mnyauko bakteria hicho kilowevu huwa hukioni.

Ukame ni rahisi zaidi. Unashika eneo zima, hasa penye udongo mwepesi, na ukimwagilia mimea inasimama na kubaki imesimama. Mnyauko bakteria unaoanza kutoka kwenye mbegu unachagua mche mmoja hapa, mwingine hatua kadhaa mbele, huku jirani zake wako salama kabisa. Mtawanyiko huo peke yake unakuambia jambo.

---

ShinaImara

Mkuu, mimi naheshimu elimu yako lakini tusiwakatishe watu tamaa. Dawa za kopa (zenye madini ya shaba) zipo, zinafanya kazi kwenye bakteria, nimeziona zikizuia mabaka majanini. Kwa nini mtu asipige mapema tu?

---

MaabaraYaMimea

Naomba nimjibu ShinaImara, hii ni kazi yangu ya kila siku.

Kopa ni dawa ya kugusa. Inaua bakteria aliye juu ya jani kabla hajaingia. Kwa Xanthomonas, anayeanzia juu ya jani na kuingia kwenye vinyweleo, ina msaada ikiwahi. Huyu wa mnyauko yuko ndani ya mirija, na kama alikuja na mbegu basi alikuwa ndani tangu siku mche unachomoza. Tone la kopa likikauka juu ya jani halimfikii. Ulichokiona kikizuiwa yawezekana kabisa kilikuwa ni ule ugonjwa mwingine, na hapo dawa ilifanya kazi yake kwa haki. Kama kopa ina faida yoyote kwa mnyauko ni kupunguza kidogo bakteria wanaorukia majeraha mapya kwenye majani. Mmea uliokwisha kuugua haiuponyi.

Majeraha ndiyo mlango wake mwingine. Mvua ya mawe, upepo wenye mchanga, jembe la palizi linalokata mizizi, minyoofundo wanaotoboa mizizi: vyote vinamfungulia. Shamba lenye minyoofundo wengi huonyesha mnyauko mkali zaidi kuliko shamba lisilo nao, hata kama mbegu ni ile ile.

Kisha joto. Ugonjwa unakuwa mkali joto likizidi nyuzi 30 na mmea ukiwa na kiu. Kwenye msimu wa baridi mbegu hiyo hiyo inaweza kuota, ikakua, ikazaa, na mwenye shamba asione chochote. Atavuna, atachagua punje nzuri, ataweka mbegu. Msimu wa joto ukifika ataambiwa hewa ndiyo mbaya.

---

MamaMbegu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni mtu wa kuhifadhi mbegu, nachagua kwa mkono punje moja moja. Zilizosinyaa natoa, zilizotobolewa natoa, zenye madoa natoa. Je, kwa uchaguzi huo huyu bakteria natoka naye salama? Na mbegu yenye ugonjwa inaonekanaje?

---

MbeguKwanza

Marahaba, MamaMbegu. Uchaguzi wako una faida na usiuache. Unatoa nyingi zilizoathirika. Lakini hautoshi peke yake, na nieleze kwa nini.

Bakteria huyu ana aina kadhaa kwa rangi. Ipo ya njano, ya machungwa, ya zambarau, na hata ya waridi. Punje iliyoshikwa sana inaweza kuchukua rangi hiyo: punje nyeupe inatoka na njano iliyokolea au zambarau, hasa kuzunguka kitovu, nyingine inasinyaa na gome kukunjamana. Kwenye maharage meupe jicho lako linaiona mara moja. Kwenye maharage mekundu, meusi, au yenye mabaka, rangi hiyo inapotea ndani ya rangi ya asili na huioni hata ukiwa na miwani. Na ipo punje iliyoshikwa kidogo tu, ambayo hata kama ni nyeupe haijabadilika chochote. Hiyo inapita mikononi mwa mchaguaji hodari kuliko wote.

Kwa hiyo nakushauri uhamishe nusu ya uchaguzi wako kutoka kwenye ungo kwenda shambani. Mmea ulionyauka mchana hata mara moja, usichukue mbegu kwake, hata kama punje zake ni nzuri za kupendeza. Ukichagua kwenye ungo tayari punje za mmea mgonjwa zimechanganyika na za mmea mzima, na huna njia ya kuzitenganisha tena. Pita shambani saa za joto kali, siyo asubuhi, wakati wa maua na tena maganda yanapojaa, tia alama kwenye mimea iliyosimama imara, uvune hiyo kwanza na uipukuchue peke yake.

Na kama shamba limeonyesha ugonjwa sehemu nyingi, usitoe mbegu humo kabisa. Tafuta mbegu iliyokaguliwa.

---

MamaMbegu

Nimekuelewa. Hilo la saa za joto sikuwa nimelifikiria, maana wengi tunakagua asubuhi kukiwa na ubaridi. Je, mbegu nikiziloweka kwenye maji ya klorini, au maji ya moto?

---

MaabaraYaMimea

Klorini inasafisha gome kwa nje. Aliyejificha chini ya gome haimfikii. Maji ya moto yanafanya kazi kwa baadhi ya mbegu za mboga, lakini punje ya maharage ni kubwa, inanyonya maji haraka, inapasuka, na uotaji unaharibika kabla joto halijamfikia bakteria ipasavyo. Mpaka leo hakuna tiba ya mbegu ya kutegemewa inayommaliza kabisa bila kuigharimu mbegu yenyewe. Ndiyo maana mataifa mengi, ukiwemo Umoja wa Ulaya, yamemweka kwenye orodha ya visumbufu vya karantini. Wanajua akishaingia hatolewi kwa dawa.

Nizungumzie upimaji, kwa sababu watu wanatuletea konzi ya mbegu wakitaka cheti cha usafi. Fanya hesabu hii. Chukulia mbegu 1 kati ya 1,000 ndiyo yenye bakteria. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10, mche mmoja kila shimo, hekta ina mimea 200,000. Hapo umepanda vyanzo 200 vya ugonjwa kwenye hekta moja, vimetawanyika kila upande. Sasa ukiniletea punje 100, nafasi ya kukutana hata na moja yenye ugonjwa ni chini ya 1 kati ya 10. Nitakuambia "sijaona kitu", nawe utaenda kupanda ukiwa na amani isiyo na msingi. Ili niwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuigundua hali hiyo nahitaji punje karibu 3,000, zichotwe kutoka pande zote za mzigo, juu, katikati na chini.

Na hata akionekana kwenye sahani ya maabara kazi haijaisha. Makundi yake ya njano yanafanana na ya Xanthomonas, ambaye naye ni wa njano na naye ni wa maharage. Njia ya haraka ya kuanza kuwatofautisha ni tone la potasi kali ya asilimia 3: ukichanganya na Xanthomonas, ute unavutika kama uzi ukiinua sindano. Huyu wa mnyauko ukuta wake ni wa aina nyingine, ute hauvutiki. Baada ya hapo tunathibitisha kwa vinasaba, na kwa kumchoma kwenye mche mzima tuone kama atanyauka.

---

KundeNyeusi

Nimesoma uzi wote. Mimi nachanganya maharage na kunde, na msimu unaofuata huwa nabadilisha napanda soya au choroko ili kupumzisha ardhi. Hiyo si mzunguko wa mazao tosha?

---

MbeguKwanza

KundeNyeusi, kwa rutuba ya udongo sina ugomvi na wewe. Kwa ugonjwa huu, hapana. Kunde, choroko, soya na maharage ya aina nyingine vyote anaviingia. Kwenye soya na choroko mara nyingi utaona mabaka ya rangi ya udongo kwenye majani bila kunyauka kwa nguvu, kwa hiyo mtu anadhani shamba limepona. Umebadilisha zao, hujambadilishia bakteria mwenyeji.

Weka nafaka katikati, mahindi, mtama, ngano, kile unachokimudu, kwa misimu isiyopungua miwili kabla ya kurudisha jamii ya kunde. Kwenye udongo mtupu bakteria huyu hana maisha marefu. Kinachombeba ni mabaki: shina, ganda, mzizi usiooza. Mabaki yakilala juu ya ardhi anavuka nayo hadi msimu mwingine, hata wa pili. Yakifukiwa yakaoza, anakosa pa kukaa.

Niongeze angalizo. Huko Nebraska, Marekani, na Brazili watafiti wamewahi kumkuta bakteria huyu kwenye mimea isiyo ya jamii ya kunde, kama ngano, bila mimea hiyo kuonyesha ugonjwa wa maana. Nafaka bado ni chaguo bora kuliko kunde juu ya kunde, hilo halibadiliki. Ila usiutegemee mzunguko peke yake ukarudi na mbegu chafu.

---

NyuziJoto30

Hoja yangu ni fupi. Kama ugonjwa huu ni wa zamani hivyo, kwa nini hausikiki kama chule au kutu? Huenda ni ugonjwa uliokwisha kupita.

---

MaabaraYaMimea

NyuziJoto30, mawazo hayo hayo yaliwakuta hata wataalamu. Nyanda za kati za Marekani zilisumbuliwa sana miongo ya kwanza baada ya kugunduliwa. Baadaye mbegu safi, ukaguzi na aina kinzani vikaushusha hadi ukawa wa kusomwa vitabuni. Mwaka 1995 ukaonekana São Paulo, Brazili, kisha ukasambaa kwenye maeneo mengine ya kilimo cha maharage nchini humo. Mwaka 2002 ikatoka ripoti ya kwanza ya magharibi mwa Kanada. Mwaka 2003 ukaibuka upya Nebraska, mahali ambapo watu walishauhesabu kuwa historia. Ugonjwa unaosafiri ndani ya punje iliyolala haumaliziki kwa sababu tu hausikiki. Na usipousikia, pengine ni kwa sababu unaitwa majina mengine: ukame, fusari, "udongo kuchoka".

---

JembeNaDaftari

Umetaja aina kinzani. Zipo kweli? Maana hilo lingekuwa jibu jepesi kuliko yote.

---

MbeguKwanza

Zipo. Inayojulikana zaidi ni Emerson, maharage meupe ya kundi la great northern yaliyotolewa Nebraska miaka ya mwanzo ya 1970. Ukinzani wake ulichukuliwa kutoka kwenye mbegu iliyokusanywa Uturuki. Brazili nao wamepima aina zao na kukuta nyingine zinavumilia vizuri kuliko nyingine. Muulize anayekuuzia mbegu swali mahususi: aina hii imepimwa kwa mnyauko bakteria? Sifa ya kukinzana na chule au kutu haikusaidii hapa, hayo ni magonjwa ya fangasi.

Ila tuwe waangalifu na neno "kinzani". Aina nyingi zinazoitwa hivyo zinavumilia: mmea hauanguki, lakini bakteria anaweza kuwemo ndani na kuingia kwenye punje. Kwa mkulima wa kuuza maharage ya kula hilo ni ukombozi. Kwa anayezalisha mbegu ni hatari, kwa sababu shamba lake linaonekana zima huku linasambaza. Huyo lazima apime maabara, jicho halimtoshi.

---

ShinaImara

Nimekubali hoja ya kopa. Sasa tuseme mtu yuko katikati ya msimu, shamba limeshashikwa, tayari lina maganda. Afanye nini? Ang'oe lote?

---

MbeguKwanza

Hapana, asing'oe lote. Aache kufikiria kuponya, afikirie kupunguza hasara na kutoibeba kwenda mbele.

Kiu ndiyo inayozidisha mnyauko, kwa hiyo mimea isikose maji, hasa wakati wa maua na maganda. Maji yapite taratibu mizizini. Yakitiririka juu kwa juu kutoka sehemu iliyougua kwenda chini yanambeba. Palizi ya jembe isogezwe mbali na mashina, au magugu yang'olewe kwa mkono. Mimea iliyonyauka kabisa itolewe ikiwa michache. Ikiwa ni mingi, kuingia na kutoka kuing'oa kunaumiza mingine, afadhali iachwe. Kazi za shamba zifanyike majani yakiwa makavu, kuanzia sehemu nzima kumalizia sehemu iliyougua.

Punje atakazovuna ni za kupikwa au kuuzwa kwa kula. Huyu ni bakteria wa mimea, punje zikipikwa hazina shida. Lakini gunia hilo liandikwe wazi kwamba si mbegu, na asimgawie wala kumuuzia jirani kama mbegu. Ninalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu mbegu za kupeana ndizo zinazouhamisha ugonjwa huu kutoka shamba lisilojua hadi shamba lisilojua.

Akimaliza kupukuchua, asafishe uwanja, turubai, magunia na mashine, maana vumbi na vipande vya maganda vinabaki. Mabaki ya shambani ayafukie kwa kina mapema yaanze kuoza. Kama anataka kulisha mifugo sawa, ila samadi ya hapo isirudi mbichi kwenye shamba la maharage.

---

MamaMbegu

Na yale maharage yanayojiotea yenyewe msimu wa mahindi? Huwa tunayaacha, tunasema ni baraka ya shamba.

---

MbeguKwanza

MamaMbegu, kama shamba hilo liliugua, yang'oe yakiwa bado na majani mawili. Hayo ni mbegu zile zile ulizokataa kuziweka ghalani, zimejipanda zenyewe. Ukiyaacha yakazaa, bakteria amepata mwenyeji katikati ya msimu uliokusudia akose.